Mbunge akifariki, mtoto hurithi nini?

Mbunge anapofariki dunia, mambo mawili huanza kwa pamoja. Nyumbani kwake turubai hufungwa uani, majamvi hutandikwa, majirani huleta masufuria makubwa na wazee hukaa pembeni na daftari la michango. Nje ya ua, wakati mwingine hata kabla jeneza halijawasili, watu wa jimbo huanza kuulizana kwa sauti ya chini: nani atachukua nafasi yake?

Mara nyingi jibu la kwanza halitafutwi mbali. Macho huelekea kwa kijana aliyekaa karibu na mama yake, akipokea mikono ya pole. "Kijana yupo, amesoma, jina la baba yake analo. Si amalizie kazi ya mzee?"

Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Anayeyasema huwa alimpenda marehemu na anaitakia familia yake heri. Lakini kwa kijana aliyempoteza baba wiki iliyopita, ni mzigo anaotwishwa kabla hajafuta machozi. Na kwa wazazi wanaofuatilia jambo hilo kwa mbali, ni nafasi ya kujiuliza swali linaloihusu kila nyumba, hata isiyowahi kutoa mjumbe wa mtaa: ni kitu gani mzazi humwachia mtoto wake, na ni kitu gani ambacho hata yeye hakuwa nacho, ila alikuwa ameazimwa tu?

Miaka miwili, vijana wawili, majibu mawili

Tanzania ina mifano miwili iliyotokea karibu karibu, na kila mmoja ulitoa jibu lake.

Januari 2012 alifariki Jeremiah Sumari, mbunge wa Arumeru Mashariki mkoani Arusha kwa tiketi ya CCM, aliyewahi kuwa Naibu Waziri wa Fedha. Uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake ulifanyika Aprili 1 mwaka huohuo. Chama chake, baada ya kura za maoni, kilimsimamisha mwanaye, Sioi Sumari. Chadema wakamsimamisha Joshua Nassari, kijana ambaye mwaka 2010 alishindana na marehemu Sumari mwenyewe na kushindwa.

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Jina la Sumari lilijulikana kila kijiji, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Lakini kura zilipohesabiwa, Nassari alimshinda mtoto wa marehemu kwa tofauti ya zaidi ya kura 6,000. Watu wa Meru walikuwa wameshatoa pole zao msibani. Kwenye sanduku la kura walikwenda na hesabu nyingine.

Miaka miwili baadaye jambo kama hilo likatokea mkoani Iringa. Januari 1, 2014, Dk William Mgimwa, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mbunge wa Kalenga, alifariki akiwa kwenye matibabu Afrika Kusini. Uchaguzi mdogo ukapangwa Machi 16. CCM ikamsimamisha mwanaye, Godfrey Mgimwa, dhidi ya Grace Tendega wa Chadema. Safari hii wananchi wakasema ndiyo. Godfrey alishinda kwa karibu kura nane kati ya kila 10 zilizopigwa, na mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa 2015, akachaguliwa tena.

Kwa hiyo anayedai kwamba mtoto wa mbunge hawezi kushinda anakosea, na anayedai kwamba ni lazima ashinde anakosea pia. Vijana wote wawili walikuwa wa chama kimoja, baba zao wote waliitumikia Wizara ya Fedha, na wote waliingia kwenye kampeni wakiwa bado kwenye majonzi. Tofauti ilitoka kwa wapiga kura. Hao ndio waliokuwa na kiti, na waliamua wampe nani.

Kwenye orodha ya mirathi, jimbo halimo

Kila familia iliyopitia msiba inakijua kikao kinachofuata. Ndugu wa baba na wa mama hukutana, mtu anayeaminiwa hupendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, kisha jina lake hupelekwa mahakamani ili lithibitishwe. Ndipo huandikwa orodha: nyumba, kiwanja, shamba, mifugo, gari, fedha za benki, na upande wa pili madeni. Hata mafao aliyostahili marehemu kwa kazi yake hufuatiliwa kwa niaba ya warithi.

Jimbo halimo katika orodha hiyo. Haliwezi kugawanywa kati ya wake wawili, wala kuandikwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Siku mbunge alipofumba macho, kiti kilirudi kwa waliompa.

Katiba ya Tanzania inasema wazi nani anaweza kugombea ubunge. Awe raia wa Tanzania, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Haiulizi popote baba yake alikuwa nani. Haimzuii mtoto wa mbunge kugombea, wala haimpi upendeleo.

Utaratibu wenyewe nao ni wa umma tangu mwanzo hadi mwisho. Kiti kinapokuwa wazi, Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi kwa maandishi, nayo Tume hutangaza tarehe ya uteuzi, ya kampeni na ya kupiga kura. Ikiwa Bunge limebakiza muda usiozidi mwaka mmoja kabla ya kuvunjwa, uchaguzi mdogo haufanyiki na wananchi husubiri uchaguzi mkuu. Kwa wabunge wa viti maalumu hakuna uchaguzi mdogo kabisa, kwa kuwa nafasi hujazwa kutoka katika orodha ya chama husika.

Tena si kila uchaguzi mdogo hutokana na kifo. Igunga mwaka 2011 walipiga kura kwa sababu mbunge wao, Rostam Aziz, alijiuzulu. Buhigwe mwaka 2021 walipiga kura kwa sababu mbunge wao, Dk Philip Mpango, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais. Katika hali kama hizo hakuna anayeuliza "mtoto wake yuko wapi?" Swali hilo huja pale tu penye kaburi. Ni huzuni inayolileta, kwa kuwa sheria haina neno juu yake.

Wanachama wa zamani wa Tanu, na baada yao wa CCM, walifundishwa kukariri kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa mkononi mwa mtu mwingine. Anayetunziwa ng'ombe hula maziwa, lakini akifariki, watoto wake hawamgawani ng'ombe huyo. Wanamrudisha kwa mwenye zizi, na mwenye zizi akipenda, atawaomba waendelee kumtunza.

Mwana wa mhunzi

Hata hivyo, si haki kumhukumu mtoto wa mbunge kwa kosa la kuzaliwa. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aliyekulia kwenye karakana ya baba yake hujifunza kitu hata kama hakushika nyundo. Mtoto wa mbunge amewaona watu wakigonga mlango saa kumi na mbili asubuhi na cheti cha hospitali mkononi. Amesikia baba akizungumza na mkurugenzi wa halmashauri kuhusu kisima kilichokufa. Anajua ni vijiji gani havifikiki masika. Huo ni ujuzi, na wapo waliouanzia hapo wakafika mbali.

Mfano unaokumbukwa sana uko Kenya. Juni 10, 2008 ndege ndogo ilianguka katika eneo la Narok na kuwaua wanasiasa wawili wa Bonde la Ufa: Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, Waziri Msaidizi na mbunge wa Sotik. Walikuwa safarini kwenda Kericho, ambako kesho yake kulikuwa na uchaguzi mdogo wa Ainamoi, jimbo ambalo mbunge wake aliuawa Januari mwaka huo. Safari ya kwenda kwenye uchaguzi mdogo mmoja ikazaa chaguzi ndogo nyingine mbili.

Septemba 25 mwaka huo watu wa Bomet walimchagua Beatrice Kones, mjane wa Kipkalya. Watu wa Sotik walimchagua Joyce Laboso, dada yake Lorna.

Joyce hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 2008 wapo walioona amepewa kiti kwa huruma, na pengine kura nyingi kweli zilikuwa za huruma. Lakini huruma hudumu muhula mmoja. Mwaka 2013 alichaguliwa tena, na Bunge likamfanya Naibu Spika. Mwaka 2017 aligombea ugavana wa Kaunti ya Bomet akashinda, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya, pamoja na Charity Ngilu na Anne Waiguru. Alifariki Julai 2019 kwa saratani, akiwa bado gavana.

Jina la dada yake lilimfungulia mlango mara moja, mwaka 2008. Milango iliyofuata aliifungua mwenyewe. Mzazi anayetaka kujua tofauti kati ya kurithi jina na kurithi kazi anaweza kuipata katika maisha ya mama huyo.

Mtoto wa mkubwa na daftari la wapiga kura

Kuna mfano mwingine wa Kenya unaofaa kusimuliwa mezani wakati wa chakula, hasa penye vijana waliotimiza miaka 18 ambao kila siku husema watakwenda kujiandikisha kesho.

Aprili 27, 2013 alifariki Seneta wa Makueni, Mutula Kilonzo, mwanasheria na waziri wa zamani. Katiba ya Kenya inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kuwa wazi, na uchaguzi wa Makueni ukapangwa Julai 26. Chama chake, Wiper, kikampa tiketi binti yake, Kethi Kilonzo. Alikuwa mwanasheria ambaye nchi nzima ilikuwa imemwona kwenye televisheni wiki chache nyuma, akisimama Mahakama ya Juu katika kesi ya kupinga matokeo ya urais. Alikuwa na elimu, jina, chama na huruma ya watu.

Akaenguliwa. Sababu ilikuwa kwamba jina lake halikuthibitika kuwamo katika daftari la wapiga kura. Shauri lilikwenda hadi Mahakama Kuu, na uamuzi ukabaki uleule. Sheria iliyomdai kila muuza mboga wa Wote ajiandikishe ilimdai na binti wa seneta.

Chama kikamgeukia kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, naye mwanasheria, akashinda kwa kishindo. Aliutumikia useneta kwa miaka mingi, na mwaka 2022 alichaguliwa kuwa gavana wa kaunti hiyohiyo.

Wazazi wengi wakiisikia habari hii hutazama ushindi wa kaka. Lakini pale kwenye daftari pana somo kubwa zaidi kwa watoto. Jina la baba halikuweza kujaza nafasi ya jina lake mwenyewe. Kijana ambaye hajajiandikisha hawezi kuchagua wala kuchaguliwa, awe mtoto wa seneta au wa fundi cherehani.

Msiba haujaisha, fomu zinafungwa

Jambo linalosahaulika zaidi katika habari hizi ni muda. Kati ya kifo cha Dk Mgimwa na siku ya kupiga kura Kalenga zilipita siku 74. Kati ya kifo cha Seneta Kilonzo na uchaguzi wa Makueni zilipita siku 90. Arumeru Mashariki haikufika miezi mitatu. Ndani ya siku hizo kuna maziko, kuna arobaini kwa wanaoifuata, kuna kikao cha mirathi, kuna kura za maoni za chama, kuna kuchukua na kurudisha fomu, kuna kampeni. Maana yake ni kwamba mtoto anayegombea huamua akiwa bado hajalala usiku mzima tangu baba yake afariki.

Muda mfupi huo una sababu ya haki. Jimbo lisilo na mbunge halina wa kulisemea. Watu wa Banissa, kaskazini mwa Kenya, wanalijua hilo vizuri. Mbunge wao alifariki Machi 2023, wakati Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo haikuwa na makamishna, na walikaa hadi Novemba 2025 ndipo wakapiga kura. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati kiti kinaachwa wazi alikuwa amevuka madarasa mawili kabla wazazi wake hawajapata mtu wa kuwasemea bungeni. Siku hiyohiyo, Novemba 27, 2025, watu wa Kasipul katika Kaunti ya Homa Bay walimchagua Boyd Were kushika nafasi ya baba yake, Ong'ondo Were, aliyepigwa risasi na kuuawa Nairobi Aprili 30 mwaka huo.

Kwa hiyo wananchi wana haki ya kuharakisha, na familia ina haki ya kuomboleza. Haki hizo mbili hugongana, na anayeumia pale zinapogongana ni mtoto aliye katikati.

Kwa desturi za kwetu, msiba ni wa watu. Mtu hazuiwi kuingia, na anayekuja na pole hafukuzwi. Ndiyo maana ni rahisi kwa mazungumzo ya siasa kuingia chini ya turubai pamoja na waombolezaji. Mjumbe wa chama anakuja kama jirani. Mzee wa ukoo anazungumza kama baba. Rafiki wa marehemu anamshika kijana bega na kumwambia jimbo zima linamsubiri. Hakuna hata mmoja anayemuuliza kama anataka.

Na ndani ya nyumba hiyo kuna watu wengine ambao hawatajwi kwenye mikutano. Kuna mama aliyefiwa na mume, ambaye sasa atamkosa na mwanaye kwa miezi ya kampeni. Kuna wadogo zake walio shuleni, ambao watasikia jina la marehemu baba yao likitukanwa jukwaani na mpinzani, kwa kuwa mgombea anayeomba kura kwa sifa za baba hufungua pia mlango wa kuhojiwa makosa ya baba. Hiyo ni gharama, na haiandikwi kwenye fomu yoyote.

Kinachoweza kufanywa nyumbani

Familia chache zitafiwa na mbunge. Lakini familia nyingi hufiwa na mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, mwenye duka, shehe, mchungaji au fundi mwenye jina, na kila mara kuna kijana anayeambiwa avae viatu vya mzee. Yapo mambo ambayo wazazi wanaweza kuyaweka sawa mapema.

La kwanza ni kulizungumza jambo hilo wakati mzazi yu hai. Mzazi mwenye cheo awaeleze watoto wake, kwa maneno mepesi, kipi ni chake na kipi ni cha watu. Gari la ofisi, dereva, ulinzi, kuitwa mheshimiwa, vyote hivyo ni vya kazi. Mtoto aliyekuzwa akijua hivyo hatashtuka siku vitakapoondoka, na hataamini kwamba ameporwa.

La pili ni kumpa mtoto ruhusa ya kukataa. Yapo maneno ambayo mzazi akiyasema akiwa mzima humwokoa mtoto baadaye: "Si lazima ufanye kazi yangu." Kijana aliyeyasikia kutoka kinywani mwa baba yake ana jibu la kuwapa wazee wanaomwambia kwamba baba angependa. Asiyeyasikia hubaki akibishana na marehemu.

La tatu ni kuteua msemaji mmoja wakati wa msiba, mtu mzima mwenye busara na asiye na nia ya kugombea. Kazi yake ni kuwapokea wenye mazungumzo ya siasa na kuwaomba wasubiri wageni watawanyike. Kama tarehe za chama ni za karibu na haziwezi kusubiri, basi mazungumzo yafanywe faraghani, mbele ya mama na ndugu wa karibu. Swali la kwanza aulizwe kijana mwenyewe, na la pili aulizwe mama. Wakisema hapana, isichukuliwe kwamba wamemsaliti marehemu.

La nne linawahusu wazazi wengine wote wa jimbo, wale watakaopiga kura. Watoto huwatazama. Mtoto akiuliza, "Mama, kwa nini utampa kura mtoto wa mbunge?" jibu la "kwa sababu amefiwa" linamfundisha kwamba uongozi ni rambirambi. Rambirambi hutolewa msibani, kwa bahasha, kwa kuni, kwa kilo za mchele na kwa kukesha na wafiwa. Kura hutolewa kwa ajili ya kazi inayokuja. Mtu anaweza kulia msibani na bado akampigia kura mpinzani, wala asiwe mnafiki. Vilevile anaweza kumpa kura mtoto wa marehemu kwa sababu amemsikiliza, amempima na ameona anafaa. Mtoto wa nyumbani akielezwa hivyo ataelewa.

Mzazi mpiga kura anaweza kujisaidia kwa maswali machache ya kawaida. Kijana huyu alikuwa akifanya nini kabla baba yake hajafariki? Amewahi kuishi jimboni au alikuwa akija sikukuu tu? Akiondoa jina la baba kwenye hotuba yake, kinabaki nini? Je, anajua zahanati ya kata hii inakosa nini, au anajua tu kwamba baba alijenga jengo lake? Maswali hayohayo yaulizwe pia kwa mpinzani, kwa kuwa kutokuwa mtoto wa mbunge nako si sifa ya kutosha.

La tano ni kuwaepusha watoto wadogo na kampeni za msiba. Ni kawaida kuona watoto wamevishwa fulana zenye picha ya marehemu na kupandishwa kwenye magari ya matangazo ili jimbo lilie. Mtoto wa marehemu mwenye miaka minane hapaswi kusimamishwa jukwaani kuwaombea kura wakubwa. Atakapokuwa mtu mzima, hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu yake ya msiba wa baba.

Kiti cha Meru

Mwisho wa habari ya Arumeru Mashariki haukuwa Aprili 2012. Nassari alichaguliwa tena mwaka 2015. Machi 2019, Spika alitangaza kwamba amepoteza ubunge kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa, jambo ambalo Katiba inalitaja kuwa sababu ya mbunge kupoteza kiti. Utetezi wake ulikuwa wa kifamilia: alisema alikuwa nje ya nchi kwa ajili ya mkewe na uzazi. Haukumrudishia kiti. Uchaguzi mdogo mwingine ukaitishwa, na John Pallangyo wa CCM akapita bila kupingwa.

Katika Kalenga nako, uchaguzi wa 2020 ulimleta mbunge mwingine, Jackson Kiswaga.

Ndani ya miaka minane tu, viti hivyo viwili vilivyogombewa na watoto wa marehemu vilikuwa vimekwenda kwa watu wengine. Kimoja kilimkataa mtoto tangu mwanzo na kingine kilimpokea kwa miaka sita, lakini mwishowe vyote vilirudi kwa wananchi na kutolewa upya. Nyumba na shamba vilivyoandikwa kwenye orodha ya mirathi havisubiri kura ya mtu, na watoto wana haki ya kuvidai.

Kwa hiyo siku kijana atakapouliza nyumbani kwa nini mtoto wa mbunge fulani ameshindwa au ameshinda, mzazi hana haja ya kuwa mtaalamu wa siasa ili amjibu. Anaweza kuanza na jambo analolijua mwenyewe: siku babu alipofariki, walikaa kikao gani, waligawana nini, na ni kitu gani babu alikuwa nacho ambacho hakuna aliyethubutu kukigawa.